Kwako Mama Mwende, Kuhusu Vile Vyuo Viwili

Mpendwa Mama Mwende,

Kwanza nikupe habari yenyewe, maana wewe hukupenda mtu wa kuzungukazunguka. Mtoto wako alipita mtihani wa kidato cha sita, tena akapita vizuri hivi kwamba vyuo vikuu viwili vilimtaka kwa wakati mmoja. Kimoja kilikuwa hapa kwetu, upande wa Nairobi, akasomee kilimo. Kingine kilikuwa ng'ambo, katika nchi moja ya baridi huko mashariki ya Ulaya, akasomee udaktari kwa ufadhili. Miaka saba, na mwaka wa kwanza wote ni wa kujifunza lugha yao tu.

Ungekuwepo ungepiga kigelegele mpaka mbuzi wakate kamba. Mimi nilipoambiwa nilikaa kwenye ngazi ya jikoni. Watu walidhani ni furaha. Ulikuwa woga, Ndunge. Mambo hayo yana miaka minne sasa na woga wenyewe haujanitoka, ndiyo sababu leo nimeshika kalamu.

Unajua nilivyo. Unakumbuka siku ya kwanza tulipofika Ikutha, wasichana wawili waliopewa chaki bila kwenda chuo cha ualimu? Mwalimu mkuu alitupa chumba kimoja chenye kitanda kimoja. Nilisimama mlangoni na sanduku langu nikiuliza kama paa linavuja, kama kuna nyoka, kama maji yako mbali. Wewe ulikuwa umeshavua viatu na kujitupa kitandani. "Syombua, ingia kwanza," ukasema. "Utaogopa ukiwa ndani."

Na jioni zile za kwenda mtoni na madebe. Mto wa mchanga mtupu, tunachimba kwa mikono mpaka maji yachungulie. Mimi nilikuwa nazunguka huku na huku nikitafuta mahali palipo na dalili ya unyevu. Wewe ulipiga magoti popote ukachimba. Mara nyingi ulikosea, ukacheka, ukahamia pengine, na bado debe lako lilijaa kabla ya langu. Nilikuonea wivu kwa hilo. Sijui kuchagua hivyo mpaka leo.

Mutinda alikuoa kutoka chumba kile kile. Alikuwa anakuja Ikutha kununua mbuzi wa kuuza huku Sultan Hamud, na nakumbuka ulivyomkatalia mbele ya watu sokoni, halafu ukaniambia tukirudi nyumbani kwamba umeshamkubali, ila asubiri kidogo. Mwende alipozaliwa ulirudi darasani mapema mno, kidonda hakijapoa. Tukagawana zamu. Ukifundisha, mimi nambeba. Nikifundisha, wewe unambeba. Niliandika hesabu za darasa la pili ubaoni huku mtoto wako ananyonya ukosi wa gauni langu mpaka unalowa.

Juu ya mvua ile sitasema sana. Ulikuwa umepoteza mimba ya pili na damu ilikataa kukoma. Mto wetu wa mchanga ukajaa maji mekundu kutoka ukingo hadi ukingo, na gari la kukupeleka hospitali ya Kitui likasimama ng'ambo ya pili, tunaliona. Ulitutoka mchana, pale dispensari, Mutinda akiwa mtoni anawasihi watu wamwonyeshe pa kuvuka. Kando yako nilikuwa mimi peke yangu.

Mwende alikuwa darasa la tatu Mutinda alipotuma wazee wa kanisa nyumbani kwetu kuniposa. Mara ya kwanza nilikataa. Mara ya pili nikakubali, na nikwambie kweli, aliyenifanya nikubali si Mutinda. Tukahamia hapa Sultan Hamud, nikapewa darasa katika shule iliyo nyuma ya reli, na Mungu akanipa wavulana wawili.

Sasa nisikilize. Katika miaka yote hiyo Mwende hakunisumbua hata kidogo, na hilo ndilo lililonisumbua. Wavulana wangu wananibishia, wanasusa chakula cha muthokoi, wanarusha viatu juu ya kabati. Mwende aliosha vyombo bila kutumwa. Asante mama kwa uji. Asante mama kwa sare. Asante mama kwa kunisuka. Mtoto anayesema asante kwa uji kila asubuhi anaishi kama mgeni, na mimi sikujua nimwambie nini ili ajue yuko kwao. Nilikuwa natamani siku moja anijibu vibaya.

Ndipo yakaja majibu ya vyuo. Ulikuwa mwaka mbaya wa ukame. Mashamba yalikuwa yamekauka mpaka ukigusa jani linavunjika, na watu walikuwa wanapanga foleni kupata mahindi ya njano ya msaada. Katikati ya njaa hiyo Mutinda akatembea kutoka duka hadi duka kando ya stesheni akisema, "Daktari! Nyumbani kwangu kuna daktari!" Akanunua sanduku kubwa la kusafiria kabla hata mtoto hajaulizwa. Mwende alilipokea kwa mikono miwili. "Asante baba," akasema.

Nilimpata peke yake nyuma ya nyumba. "Na wewe unataka kipi?"

"Mahali mtaamua ni sawa, mama."

"Nimekuuliza wewe."

"Ni sawa tu," akasema, akachukua ndoo akaenda.

Jumapili yake, baada ya ibada, Mama Kasyoka anayeuza vitambaa alinikamata mkono mbele ya kina mama wengine. Humjui huyu. Ni mtu wa kukuombea kwa sauti na kukusema kwa sauti hiyo hiyo. "Nasikia mnampeleka ng'ambo," akasema. "Miaka saba! Kweli, wengine wanajua kuondoa mtoto wa mwenzao nyumbani."

Nikamwambia hatujaamua, kwamba kuna chuo kingine hapa karibu.

"Hapa? Kusomea jembe?" Akawageukia wenzake. "Udaktari umeletwa mpaka mlangoni, halafu mtoto aambiwe akae? Angekuwa wa tumbo lako, Mwalimu, ungefanya hivyo?"

Mdomo ule ule, hata hatujafika kwenye lango la kanisa. Nikaona nimezibwa pande zote. Nikisema aende, nimemfukuza. Nikisema abaki, nimemzibia. Nikaamua kunyamaza, na nyumbani kunyamaza kwangu nako kukawa kosa. Mutinda akaniuliza tukila, "Mimi nimesema yangu. Wewe unasemaje?" Nikasema nina nguo za kuanua.

Halafu mama yako akafika kutoka Matinyani. Alikuja na kiondo cha ndengu, na mwaka ule ndengu zilikuwa kama dhahabu, nikajua amejinyima. Alikaa kwenye kiti cha Mutinda, akamsimamisha Mwende mbele yake, akamshika viganja. "Mjukuu wangu," akasema, "hakuna la kujadili hapa. Mama yako kabla ya kukata roho alisema mtoto wake awe daktari. Maneno ya marehemu hayapigwi kura."

Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo huko nyuma, hapa na pale, kwenye maombi ya kukukumbuka, na siku zote niliyachukua kama uchungu wa mama aliyezika binti. Siku hiyo nilikuwa namtazama Mwende usoni yakisemwa. Uso wake ulijifunga kama duka linavyofungwa. Akasema, "Ndiyo, susu," kama tunavyowaita nyanya zetu huku, akaenda kuteka maji ingawa mapipa yalikuwa yamejaa.

Mutinda alikuwa aende Nairobi wiki hiyo kupeleka jibu. Alasiri moja mimi na Mwende tulikuwa uani tunachambua mahindi, kila mtu na uteo wake. Akaniuliza bila kuinua macho, "Mama, niende wapi?"

"Fuata roho yako," nikamwambia.

Akaweka uteo chini. Akauweka vibaya, punje zikamwagika. "Watoto wote wa shule hii unawaambia la kufanya," akasema. "Unawaambia mpaka vile penseli inashikwa. Mimi unaniambia roho yangu!" Ndunge, sauti ilipanda. Sikuwa nimewahi kuisikia ikipanda. "Nimekuuliza wewe. Ningekuwa wako kabisa ungeniambia. Ungenipigia kelele. Ungesema wewe Mwende ni mjinga, fanya hivi!"

Nilikuwa nimeomba kwa miaka mingi aniseme, na siku ile akanisema.

"Sitaki uende," nikasema.

Maneno yalitoka yenyewe. Nikaendelea kwa sababu ningesimama nisingeweza tena. "Sitaki. Miaka saba ni mingi. Sijui kule watu wanakula nini. Sijui ukishikwa na homa ni nani atakuwekea mkono kwenye paji la uso. Nikiifikiria ile ndege usingizi unaruka. Lakini huo ni woga wangu, Mwende, na mimi nilizaliwa nao. Woga wangu si sababu ya wewe kubaki. Umeniuliza, nimekujibu. Sasa nijibu na wewe."

Alianza kulia, polepole, kama mtu asiyetaka kuonekana. "Mimi nilikuwa nimeamua kubaki," akasema.

"Kwa nini?"

"Nikienda watasema umenifukuza. Niliwasikia kanisani."

Hebu fikiria. Miaka hiyo yote nilidhani namkinga, kumbe naye ananikinga. Tulikuwa tumekaa nyumba moja kama watu wawili wanaopishana mlangoni, kila mmoja anamwambia mwenzake pita wewe.

"Na nikibaki," akaendelea, "nimemkosea mama. Yule mwingine."

"Umemkosea nini?"

"Alisema niwe daktari. Ni kitu kimoja tu aliniomba, na mimi kila nikifungua kitabu cha baiolojia namwona amelala pale. Sijui kama napenda kile kitabu au naogopa tu."

Hapo nilikuomba ruhusa, Ndunge. Hukunijibu, nikaichukua mwenyewe. Nilijua nikisema nitakuwa mke wa pili anayemsahihisha mama wa mke wa kwanza, tena juu ya maneno ya kufa. Lakini mtoto alikuwa mbele yangu na machozi yamefika kidevuni.

"Mwende," nikasema, "mimi ndiye niliyekuwa pale. Hapakuwa na mtu mwingine. Mama yako hakusema habari ya daktari."

Akaniangalia.

"Aliniita akasema hivi: 'Syombua, mwambie baba yake asimchane Mwende na kile kitana cha meno madogo. Kinamuumiza. Na yeye halii kwa sauti, analia ndani.' Kisha akaomba maji. Kisha akauliza kama mvua imepungua. Basi."

"Basi?"

"Basi."

"Kitana?" akauliza.

"Kitana."

Akacheka na kulia kwa wakati mmoja, sijui kama umewahi kuona mtu hivyo, mpaka ikabidi nimshike mabega. Nikamwambia susu yake si mwongo. Alifika Ikutha akakuta udongo bado mbichi, akapaza sauti kwamba binti yake amekufa kwa kukosa daktari na mjukuu wake atakuwa daktari. Hayo aliyasema yeye, kila mtu aliyasikia. Miaka ikapita, maneno yakahama kutoka kinywa chake hadi chako, na hakuna aliyeyaona yakihama. Mwende akasikiliza, akapangusa uso na kanga, akavuta uteo wake. Tulimaliza mahindi yale.

Nikuambie kweli yote? Nilitumaini. Nilidhani nimemfungulia mlango wa kubaki. Nikaanza hata kuhesabia likizo moyoni, atakuja Krismasi, atakuja Pasaka, nitampelekea ndizi chuoni.

Asubuhi nilikuwa nakoroga uji akaja akasimama karibu na jiko. "Mama, nimeamua. Nitaenda."

"Wapi?"

"Kule. Udaktari."

Mwiko ulibaki hewani. "Lakini nimekwambia mama yako hakukutuma."

"Ndiyo," akasema. "Kama hakunituma, basi naweza kwenda."

Sikuelewa. Akanieleza taratibu, kama mimi ndiye mwanafunzi. Kilimo alikiandika kwa sababu ndicho kitu pekee ambacho hakuna mtu aliyekuwa amemchagulia. Baiolojia aliipenda tangu kidato cha pili, lakini kila alipoipenda alikumbuka kaburi, na mapenzi yakaingia baridi. Sasa alikuwa ameamka, amefungua kitabu, hakuona mtu amelala pale. "Niliona figo tu," akasema. "Mchoro wa figo. Na mama, ni kitu kizuri sana."

Nikarudisha mwiko kwenye uji. Nilikuwa nimesema ukweli, na ukweli huo ndio ulikuwa unamtoa nyumbani kwangu.

Alimwambia susu yake mwenyewe. Nilitaka kutoka nje, akanizuia. Akarudia maneno yako bila kupunguza, na mama yako akatazama mikono yake. Mwishowe akasema, "Kitana kile nilinunua mimi. Pale soko la Kitui." Akajifunika uso na leso. Mwende akaenda akakaa chini karibu na miguu yake.

Baadaye tukiwa wawili mama yako akaniuliza, "Kwa nini hukuniambia siku zote hizi?"

"Mama, mimi nilikuwa nani wa kukusahihisha?"

"Ulikuwa mtu aliyekuwa pale," akasema. Halafu akaniomba nimweleze siku ile yote, tangu mwanzo, na mimi nikamweleza. Alikuwa hajawahi kuisikia. Alikaa kwetu mpaka Mwende akasafiri, na siku ya kuondoka alinibariki kwa kunitemea mate kifuani kama wazee wetu wanavyofanya, ingawa siku hizi pasta hapendi.

Uwanja wa ndege tulienda na pikapu ya kubebea mbuzi, Mutinda ameiosha mara tatu na bado inanuka. Mutinda alilia bila kujificha. Mimi sikulia, nilikuwa nakagua vifungo vya koti la Mwende, nafungua na kufunga tena.

"Usiogope, mama," akaniambia.

"Nitaogopa."

"Basi ogopa. Lakini ule chakula."

Mama Kasyoka hakungoja hata vumbi litulie. "Sasa umepumua, Mwalimu," akaniambia sokoni. Nikamjibu kwamba sijapumua tangu ndege ile iinue magurudumu. Akageukia vitambaa vyake, lakini hilo halikunisaidia kitu.

Mwaka wa kwanza barua zilikuja vizuri. Alinieleza mkate mweusi, viatu vya manyoya, herufi zinazoandikwa kinyumenyume. Kisha katika baridi ya pili barua zikakatika. Mwezi ukapita, na mwingine, na mwingine. Nikawa naenda posta kila nikitoka shule mpaka karani akaanza kunitikisia kichwa nikiwa bado barabarani.

Ndipo mfanyabiashara mmoja wa ng'ombe akaleta habari kutoka Machakos. Mwanafunzi wa Kenya katika nchi mojawapo ya huko ameugua, na amerudishwa kwenye sanduku la maiti. Hakujua nchi ipi. Hakujua jina. Hakujua hata kama ni mvulana au msichana. Mutinda alienda Nairobi akazungushwa ofisi hadi ofisi, akaambiwa arudi nyumbani angoje. Alirudi amezeeka.

Siku hizo nilifundisha chaki ikivunjika mkononi. Watoto waliniuliza, "Mwalimu unaumwa?" Nilijisema: ungenyamaza, angebaki. Angekuwa hapa karibu anapima udongo, Jumamosi anakuja kula. Nilikulaumu hata wewe, Ndunge, unisamehe. Nilisema, kwa nini hukutaja udaktari tu siku ile, mtoto auchukie na abaki? Woga unamfanya mtu akose adabu hata kwa waliolala.

Na alasiri moja nikamwona Bwana Salim anakuja mbio kwenye uwanja wa shule, pindo la kanzu amelishika mkononi. Ni jirani yetu, watu wake walitoka pwani zamani, na duka lake ndilo lenye simu. Hajawahi kukimbia, ni mtu mzito. "Mwalimu!" akaita. "Ng'ambo! Ng'ambo iko kwenye laini!"

Sijui nilifikaje. Simu ilikuwa imelazwa juu ya gunia la sukari.

"Mama?"

"Mwende! Unaumwa?"

"Hapana. Niko sawa. Nilikuwa na mtihani, halafu theluji..."

"Mtihani?" Ndunge, sauti iliyonitoka sijui ilikaa wapi siku zote. "Mtihani? Mimi huku nimekuzika! Baba yako amemaliza ofisi za Nairobi! Huna mkono? Huna kalamu?"

"Mama, usinipigie kelele!" Naye akapaza. "Lugha ilinishinda! Nilikuwa nalia chooni kila siku wenzangu wasinione. Ningekuandikia nini?"

"Ungeniandikia hivyo!"

"Ili usilale?"

"Nani amekwambia nalala?"

Tukagombana mpaka laini ikakatika. Nilipogeuka, duka zima lilikuwa linanitazama, mtu ameshika chupa ya mafuta ya taa hajui ailipie au arudishe. "Ni mzima?" Bwana Salim akauliza kwa sauti ndogo.

"Ni mzima," nikasema. "Amekuwa na mdomo." Na hapo ndipo nikalia, nimeegemea gunia lile, machozi niliyoyaweka tangu uwanja wa ndege.

Tangu siku hiyo anaandika. Anaandika hata yale mabaya. Aliniandikia siku ya kwanza walipoingizwa kwenye chumba chenye maiti za kusomea, jinsi alivyoshindwa kula, jinsi alivyorudi kesho yake. Aliniandikia kwamba kuna watu barabarani wanaogusa ngozi yake bila kuomba. Nasoma, roho inapanda na kushuka. Mutinda ananiambia niache kusoma jioni, nisome mchana.

Sasa yuko mwaka wa nne. Mama yako bado ana nguvu, anaenda shambani kwake Matinyani na fimbo, na nikienda kumwona ananiomba nimsomee barua zote tangu ya kwanza. Mvua zilirudi. Wavulana wamenipita kimo. Kila kitu kiko mahali pake, na mimi bado naamka nikisikia ndege ikipita juu.

Kwa maana kuna jambo jipya, na ndilo hasa lililonifanya nikuandikie wewe badala ya mtu mwingine. Katika barua yake ya mwisho Mwende amemtaja kijana. Amemtaja mara tatu, kila mara bila sababu. Mara alimsaidia kubeba makaa ya mawe. Mara alisema jambo la kuchekesha kwenye maktaba. Mara ana kikohozi. Hakusema ni wa kabila gani, wa nchi gani, wala kama ni mtu wa dini. Mutinda hajaona kitu, yeye husoma haraka akitafuta habari za mitihani. Mimi nimeona. Pia amesema kuna profesa anayemwambia kwamba akimaliza anaweza kubaki huko asomee upasuaji, na akaliandika hilo chini kabisa, karibu na salamu, kama mtu anayeweka kitu mezani na kuondoka.

Sijui kama tulichagua vizuri, Ndunge. Nilidhani itafika siku moja nitajua, nitasema ndiyo, ilikuwa sawa, na nitalala. Haijafika. Akirudi nitaogopa ajali za barabara ya Mombasa. Asiporudi nitaogopa kila kitu. Wewe pengine ungeshapiga magoti ukaanza kuchimba, hapo hapo ulipo, ukicheka. Mimi sina moyo huo. Nina huu wangu tu.

Kesho nitamwandikia. Nitamuuliza waziwazi kijana yule ni nani, mama yake ni nani, na kikohozi hicho kimeanza lini. Atakasirika sana. Kisha atanijibu.

Pumzika, rafiki yangu. Wewe hukuwahi kujua kuogopa, basi niachie mimi niogope kwa niaba yetu sote wawili.

Ni mimi, mama mwenzako katika kumlea Mwende,
Syombua